Nafasi ya Ami Kwenye Wimbo

Jumanne, 5 Novemba 2024

Shakiru amepanda leo kutoka Moshi mjini na gitaa la besi la mwanangu Aminieli mgongoni. Nimeijua besi kabla sijamjua mtu. Ule mkanda mwekundu nilishona mwenyewe, shuka ya Kimasai iliyochanika. Nikakaa kwenye ndoo ya maziwa. Ilikuwa tupu, bahati.

Shikamoo mama. Marahaba baba. Akasema nimekonda. Nikamwambia wewe ndiye umenona, makochi yanalipa. Akacheka. Anavisha makochi vitambaa pale mjini, ndiyo kazi yake, muziki ni wa jioni. Besi aliachiwa na mwanangu kabla ya ile safari ya mwisho ya upagazi. Nikishuka mlimani nitaichukua — ndivyo alivyomwambia. Mwezi wa pili inatimia miaka mitatu. Hajashuka.

Wanataka kufanya shoo, yeye na binti yangu Goodness. Katikati ya Desemba, ukumbi mmoja wa mjini. Nyimbo za rege za zamani, zile za kaseti za marehemu mume wangu, kwa kumkumbuka Ami. Hakuna ngoma, hakuna kinanda. Sauti ya Goodness na besi, basi. Nikauliza, watu watalipa kiingilio kusikiliza vitu viwili? Shakiru akasema mama, rege ni kama mtori, ukijaza viungo umeuua. Acha nafasi.

Wamefanya mazoezi uani. Kiingereza sikijui lakini hizi nyimbo nimezifulia nguo miaka mingi. Kuna ule wa mtu anayengojwa nyumbani, taa inawaka. Goodness anaimba mstari, halafu panapita mahali patupu, besi peke yake, ndipo anarudi. Pale patupu ndipo Ami alipokuwa anajibu. Hawakupajaza. Nikapenda. Halafu nikaogopa, sijui kwa nini.

Ng'ombe aliacha kucheua. Alisimama masikio mbele, anatazama shamba la nyumbani, kihambani kwenye migomba, mpaka wimbo ukaisha.

Goodness amekula nusu ya ndizi tu.


Alhamisi, 7 Novemba 2024

Nilikwenda kukata majani upande wa makaburi. Baba Aminieli yuko pale, na pembeni yake kaburi la Ami. Naandika la Ami, lakini Ami hayumo. Alirudi nyuma kwenye ukungu kumsaidia mwenzake mzigo, hakuonekana tena. Tulimtafuta tukipiga madebe kwenye msitu wa nusu maili, ule ukanda wa juu ya vijiji, mpaka mikono ikavimba. Goodness aliimba ule wimbo wa taa ameelekea msituni. Alisema kaka akiusikia atajibu tu, hawezi kuuacha unaning'inia. Hakujibu.

Mwezi wa sita mwaka huu ukoo ukachoka kungoja. Wakakata mgomba, wakauvika koti lake na blanketi, wakauzika mahali pa mwili. Ndivyo wanavyofanya ukoo huu mtu asipopatikana. Mchungaji alisali, akaondoka kabla ya udongo. Mimi udongo sikutupa. Nilishika mkononi, nikaja nao hadi jikoni.

Leo kaburi limeota.

Mtoto wa mgomba. Umetokea upande wa kichwa, umechongoka, mwekundu kidogo, una umande. Niliugusa. Una baridi kama sikio la mtoto asubuhi.

Sijamwambia mtu.


Ijumaa, 8 Novemba 2024

Jana ulikuwa kidole. Leo kiganja. Mvua za vuli zinakuza, najua. Migomba yote inakua.


Jumapili, 10 Novemba 2024

Baada ya ibada shemeji Ebenezeri alikuja kunywa chai. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye aliyesimamia kuuzika ule mgomba. Alikwenda kumsalimia kaka yake kaburini, akarudi kofia mkononi.

Shemeji, umeona kule?

Nimeona.

Akakaa. Chai ikapoa. Halafu akaniambia lile ambalo nafikiri linamla tangu mwezi wa sita. Mgomba wa kuzikwa hukatwa juu ya ardhi, shina tupu. Lakini siku ile mvua ilikuwa inanyesha, vijana walikuwa na haraka, akawaambia ng'oeni tu mzima mzima. Wakauzika na tunguu lake, kile kitako cha chini kinachotoa watoto.

"Mimi mtu wa kihamba tangu nizaliwe," akasema, "nimepanda mgomba nikidhani nazika."

Nilitaka kucheka. Na yeye alitaka. Hatukuweza.

Basi si kitu cha ajabu, nikamwambia. Ni tunguu. Akasema ndiyo, ni tunguu. Lakini kaburi likiota halijafungwa. Mtu aliyezikwa nusu huitafuta nusu nyingine. Lazima lifukuliwe, likatwe vizuri, lizikwe upya kabla watu hawajarudi nyumbani Krismasi.

Nikamuuliza, ataitafuta kwa nani hiyo nusu?

Goodness alikuwa anapita uani na ndoo, anaimba kwa pua. Shemeji alikuwa anamtazama yeye.

Nimekataa. Nimemwambia jembe lako lisiguse pale. Wewe huna mtoto mlimani.


Jumatano, 13 Novemba 2024

Shakiru amekuja tena. Umeme ulikatika, akatumia spika yake ndogo ya kuchaji. Nilikuwa nakamua. Besi haisikiki masikioni kama sauti nyingine, inapanda kwenye nyayo. Maziwa ndani ya ndoo yalikuwa yanafanya viduara. Kila pigo, kiduara.

Wimbo wa taa. Goodness akaimba mstari wake. Pakaja pale patupu. Besi ikazunguka. Viduara vikaendelea. Goodness kimya. Besi ikazunguka tena, na tena. Ndipo akaingia.

Shakiru akasimamisha. Goo, unachelewa kuingia. Ni mizunguko miwili, wewe unaniacha nizunguke kama mbuzi wa kamba. Wakacheka. Wakarudia. Akachelewa tena. Shakiru akamwambia hesabu basi, dada, tatizo liko wapi?

Goodness akasema, taratibu tu, kama mtu anayeelezea bei ya nyanya: "Nasubiri amalize."

Amalize nani?

Akatutazama kama sisi ndio wajinga. Halafu akashtuka, akashika mdomo, akasema alitaka kusema besi. Anasubiri besi imalize.

Shakiru alikunja waya mapema leo. Hakusubiri ugali.

Nilipoinua ndoo, viduara vilikuwa bado vinaendelea. Mikono yangu hiyo, nafikiri. Nina presha.


Alhamisi, 14 Novemba 2024

Pamela jirani amekuja na kikapu chake cha maparachichi. Nilimwomba asikilize yale aliyorekodi Goodness kwenye simu, maana yeye ana masikio mazuri, ndiye anayetushika tukipotea sauti kwenye kwaya ya kina mama. Akasikiliza amefumba macho. Nikamuuliza pale patupu unasikia nini.

Sisikii kitu, mama Aminieli. Besi tu.

Nikashukuru. Akafumbua macho. Akasema ila jambo moja. Jogoo wangu anawika mwanzo wa wimbo. Mbwa wa kwa Ezra anabweka. Ng'ombe kengele yake inalia. Tukifika pale patupu vyote vinanyamaza. Vikipita, vinaendelea.

"Kama darasani mwalimu akiingia," akasema.

Halafu akaniuzia maparachichi mabovu mawili, shetani yule.


Jumamosi, 16 Novemba 2024

Sitaandika uongo humu, hakuna anayesoma. Mimi nafurahi.

Asubuhi nimeuwekea ule mgomba samadi. Nimechimba kuzunguka kwa mkono, sikutumia jembe, nikaweka samadi iliyooza vizuri, nikamwagia maji ya mfereji. Umefika kiunoni. Jani la kwanza limefunguka. Nikaongea nao habari za nyumbani, kwamba paa la jiko limevuja, kwamba ng'ombe ana mimba.

Mchana nimepika kiburu, kizito kama alivyokipenda, ndizi na maharage vimeshikana. Nimepakua sahani tatu. Goodness hakuuliza ya tatu ya nani. Aliisogeza tu kidogo, upande ule Ami alipokuwa anakaa, kwa sababu mimi nilikuwa nimeiweka vibaya.

Yeye mwenyewe hajala. Mikono yake imekuwa kama ya mtoto wa darasa la tatu. Nikamwambia kula mama, utaimbaje huna tumbo. Akasema nimeshiba, mama, usipaniki. Sauti yake lakini imenenepa. Inakwenda chini, chini, mahali haikuwa inafika zamani.


Jumatatu, 18 Novemba 2024

Ebenezeri amepita njiani, hakuingia. Amesalimia kwa mbali. Ameona jani. Ameona na samadi.


Jumanne, 19 Novemba 2024

Niandike kabla sijalala.

Saa sita mchana ukungu ulishuka. Mzito, mgomba wa tano huuoni. Goodness hayumo chumbani, hayumo kwa ng'ombe, simu iko kitandani. Nikaita. Pamela akasema amemwona anapanda na njia ya msitu. Hana viatu.

Nilikimbia. Mimi na umri huu na presha hii. Nilipita shule, nikapita kwenye mfereji, nikafika nusu maili pale tulipopigia madebe. Nikasikia anaimba. Wimbo wa taa. Anaimba mstari, ananyamaza. Ananyamaza muda mrefu. Anaimba.

Na chini ya miguu yangu kitu kinapiga. Pole pole. Moja, mbili na nusu. Shakiru alikuwa mjini, besi iko kwake. Nilijiambia ni moyo wangu. Nikaweka mkono kifuani. Moyo ulikuwa unakwenda mbio. Kile cha chini hakikuwa na haraka.

Nikamwona mgongo wake, mweupe wa ukungu, ameelekea miti. Nikaita Goodness. Hakugeuka. Alitikisa kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza. Nikaita tena kwa nguvu. Akageuka, akaja. Miguu inatoka damu kwa miiba, uso umetulia.

Kwa nini huitiki? Nikamtikisa. Kwa nini huitiki mama yako?

Akasema mama, si ulitufundisha mwenyewe.

Kweli niliwafundisha. Bibi yao alinifundisha mimi. Kwenye ukungu usiitike wito wa kwanza wala wa pili. Mtu mzima, mwenye damu, ataita mara tatu. Ya tatu ndiyo unaitika.

Lakini hapa mimi nimekuita mara mbili tu, nikamwambia.

Akafikiri. Alihesabu kwa vidole, mwanangu, vidole vya baridi.

"Basi ya kwanza hukuwa wewe."

Nikamvuta mkono. Tumeshuka bila kugeuka. Njiani akalia, akasema mama mimi nilidhani namkumbuka tu. Mbona inakuwa kama mtu anayenishika mkono hataki kuachia. Nikasema nyamaza mama, tutakunywa maziwa ya moto. Sikujua kingine cha kusema.

Nina watoto wawili. Mmoja sijui aliko. Mmoja nimemshika.


Jumatano, 20 Novemba 2024

Nimekwenda mwenyewe kwa Ebenezeri. Nimemwambia njoo na jembe Jumamosi.

Hakuniambia, si nilikwambia. Alisema tu, aika, asante shemeji, na akaniletea kiti.

Jioni nilipita pale. Majani matatu. Sikuongea nao.


Ijumaa, 22 Novemba 2024

Shakiru amepiga simu. Hataki shoo tena. Anasema vidole vyake vinakwenda vyenyewe, anapiga kitu ambacho Ami alikuwa anapiga na yeye hakuwahi kukijua. Nikamwambia njoo kesho na besi. Kwanza tumuage. Shoo mtaamua baadaye. Akasema mama, mimi ni Mwislamu, makaburi yenu na migomba yenu mimi sijui nasimama wapi. Nikamwambia utasimama ulipokuwa unasimama siku zote, kushoto kwa Goodness.

Goodness amekubali. Ila anauliza, pale patupu tufanyeje.

Nimefikiri siku nzima, nikipepeta, nikikamua. Shakiru alisema acha nafasi. Sasa mimi naona nafasi ni mlango. Tumeuacha wazi kwa sababu tunampenda. Nani anafunga mlango mtoto akiwa nje? Lakini upepo unaingia kwa huyu aliye ndani.

Ule mstari wa kujibu naujua. Maneno siyajui, sauti yake naijua, ilikuwa inanipita kila siku nikifua. Mimi ni sauti ya pili kwenye kwaya. Nitauimba mimi. Nitakaa pale pake ili asiwe na pa kukaa.

Mungu anisamehe nilivyoandika.


Jumamosi, 23 Novemba 2024

Saa nne asubuhi. Ukungu umeshuka mapema. Naandika nimekaa kwenye ndoo karibu na makaburi, kalamu nimeifuata ndani mbio. Nikiandika siogopi sana.

Wamekuja wote. Ebenezeri na jembe na panga. Pamela. Shakiru na spika yake ndogo. Nilikata jani la sale mpakani, nikalifunga fundo, nikaliweka kwenye mgomba. Kwetu ukipelekewa sale huwezi kukataa kusamehe, hata kama umeuliwa ndugu. Nikamwambia Ami, baba, tulikuzika haraka na mvua. Tukakuzika vibaya. Nikakulisha samadi nikakuita urudi, na dada yako ndiye akawa njia. Pokea sale. Nenda ulale kwa baba yako. Halafu nikatupa udongo, ule wa mwezi wa sita. Nilikuwa nimeuweka kwenye kopo la chumvi.

Ebenezeri akashika jembe. Nikamwambia subiri wimbo uishe.

Shakiru akaanza. Jogoo akawika kwa Pamela. Kengele ya ng'ombe ikalia. Goodness akaimba mstari wake, mzuri, mwepesi, sauti yake ya zamani ya kanisani, nikapata nguvu.

Pakafika pale patupu. Jogoo kimya. Kengele kimya.

Nikaimba. Nilianza chini mno, nikapanda. Laa laa tu, sina maneno. Lakini nilikaa pale kwenye mstari, nikaujaza wote, mwanzo mpaka mwisho, hapakubaki tundu. Pamela alikuwa analia. Mizunguko miwili. Nikamaliza. Nikamtazama Goodness aingie.

Hajaingia.

Besi imezunguka. Hajaingia. Imezunguka tena. Nimemwambia kwa macho, ingia mama. Ameinua kidole, taratibu, kama anavyofanya mtu asiyetaka kukatiza wakubwa wakiongea. Hajala tangu jana na amesimama wima kama mshumaa. Anatazama juu ya bega langu, kwenye migomba.

Ebenezeri ananiuliza kwa ishara, nikate? Nikate sasa? Jembe liko hewani. Shakiru jasho linamtoka na ukungu huu, anasema kwa mdomo bila sauti, mama siwezi kuacha, vidole haviachi.

Jani la sale limeanguka. Hakuna upepo. Liko chini, fundo limefunguka. Sijui ni kupokea au ni kukataa. Bibi hakunifundisha hilo.

Nimemshika Goodness mkono kwa mkono wa kushoto, naandika na wa kulia, daftari liko gotini. Mkono wake una joto, Mungu asante, una joto. Nimemnong'oneza, amemaliza, mama amemaliza, imba.

Amesema, bado, mama. Wewe ndiye umemaliza.